Filamu ya safari ya vikaragosi kwa watoto wadogo: tuijenge vipi kuanzia sponji hadi shoti ya mwisho?

#1 Kobe_na_Panya

Wakuu, heshima kwenu. Tunaandaa filamu ya vikaragosi ya dakika 40 hivi, ya watoto wa miaka 3 hadi 6. Kisa ni kifupi: kobe na panya wanaokota yai kubwa kando ya mto, wanaanza safari ya kulirudisha kwa mwenyewe, na njia nzima kuna mwewe anawafuata kwa juu. Mwishoni inajulikana kuwa mwewe ndiye mama wa yai. Katikati kuna kuvuka mto kwa mtumbwi, daraja la kamba, pango na kukimbizana.

Tulichonacho: wachezeshaji wanne, kamera moja, fundi cherehani mmoja, ukumbi wa mita 8 kwa 10. Kompyuta tutaitumia kufuta fimbo na kubandika mawingu tu. Nisaidieni: vikaragosi vya aina gani na vingapi, seti iinuliwe kiasi gani, mto tuuchezeje bila kuharibu kazi ya fundi, na mwewe atishe kiasi gani. Naomba vipimo, maana jibu la "inategemea" tumeshalisikia sana.

#2 FundiSponji

Karibu mkuu. Kwanza kabisa, usikate sponji bado. Shika storibodi (michoro ya filamu, shoti baada ya shoti), pitia shoti moja moja, na kila shoti iandikie pembeni mambo manne: mhusika anaonekana kuanzia wapi kwenda juu, anashika nini, analowa au halowi, anasimama au anatembea. Filamu za safari hukwama hapa. Watu hushona kikaragosi kimoja kizuri cha mkono, halafu siku ya kupiga daraja ndipo wanaona hakina miguu.

Kwa kisa chako naona orodha hii. Kobe watatu: wa mkono (kiunoni kwenda juu, ndiye atakayeongea), wa mwili mzima mwenye miguu, na wa kulowa. Panya vivyo hivyo. Mwewe wawili: mkubwa wa mkono kwa shoti za karibu, na mdogo mwepesi wa kuruka. Ongeza ukucha mmoja mkubwa wa peke yake kwa shoti ya kunyakua. Jumla vikaragosi nane na ukucha. Vitambaa vya pacha wote (nakala za mhusika mmoja) vikatwe kwenye jora moja siku moja. Jora la pili la rangi "ileile" huwa limepishana kidogo, na kamera hulionyesha hata kama macho yako yamelikubali.

Sasa kichwa. Sponji ya unene wa mm 12 inatosha kwa kobe na panya. Mwewe mkubwa apewe mm 25, la sivyo kichwa kitabonyea anapogeuka. Kata kwa wembe mpya, kwa mkono uliosimama wima kabisa. Ukilaza wembe kidogo, kingo mbili hazikutani sawa na unapata mfereji katikati ya paji la uso. Gundi iwe ile ya majimaji ya kupaka pande zote mbili, kama ya mafundi viatu. Paka, subiri isinate tena kidoleni (mara nyingi dakika 5 hadi 10, soma kopo), ndipo ukutanishe. Ikishika imeshika, hakuna kusogeza. Fungua madirisha, mvuke wake ni mkali. Gundi ya moto ya bunduki usiiweke kwenye maungio ya sponji: ikipoa inakuwa ngumu kama ukucha, na ukunjo wake unaonekana juu ya kitambaa.

Mdomo ndio moyo wa kazi. Tengeneza vibao viwili, cha juu na cha chini, vya ngozi ngumu au mpira wa mm 3, uviunge nyuma kwa kitambaa imara kiwe bawaba. Kibao cha juu kiwe na mikanda miwili ya lastiki ya kupitisha vidole vinne, cha chini kiwe na mfuko wa kidole gumba. Bila hiyo mikanda mkono huteleza, na mchezeshaji huanza kubana kwa nguvu badala ya kucheza. Ndani ya mdomo bandika kitambaa kizito chenye unyoya. Vibao vitupu hugonga "ta, ta, ta" na maiki inanasa kila mgongano.

Unapovalisha kitambaa, usikivute kwenye pembe za mdomo. Kikivutwa pale, mdomo unakataa kufunga, na baada ya shoti tano mkono wa mchezeshaji umekufa. Acha ulegevu wa sm 1 kila pembe. Mshono wa nje uwe wa kuficha: sindano inaingia ndani ya mkunjo wa upande huu, inavuka, inaingia ndani ya mkunjo wa upande wa pili, kama ngazi. Ukivuta uzi, unyoya unafunika mstari wote. Ukibaki unaonekana, chokoa unyoya kwa ncha ya sindano.

#3 Nyuma_ya_Monita

FundiSponji amemaliza mwili, mimi niseme macho. Mtoto hatazami mdomo kwanza, hutazama macho yanamtazama nani. Mpira wa tenisi ya mezani (kipenyo mm 40) ukikatwa nusu unatosha kwa panya na kobe. Mboni usizibandike mezani. Zishike kwa pini, weka kikaragosi mita 2 mbele ya kamera, mwambie mchezeshaji atazame lenzi, na wewe uangalie kwenye monita. Mboni zikikaa katikati kabisa, mhusika anaonekana kama anatazama ukuta wa mbali. Sogeza kila moja ndani kuelekea puani mm 2 au 3 mpaka uone amekuona. Ndipo ubandike. Piga msasa laini sana juu ya mpira, la sivyo kila taa ya studio itakaa jichoni. Lakini usiuzimishe wote, jicho lisilo na nukta hata moja ya mwanga linaonekana limekufa.

Seti: sakafu ya dunia ya wahusika iwe usawa wa paji la uso la mchezeshaji mfupi kuliko wote. Aliye mrefu apige magoti kwenye takia la sponji. Mkiamua kukaa kwenye viti vifupi vya magurudumu (kiti cha sm 30), sakafu ya seti ishuke iwe kama sm 110. Viti ni bora kwa filamu ya safari kwa sababu wahusika hutembea sana, na kiti kinateleza bila kudunda. Zulia lote liondolewe na kebo zote zipite ukutani.

Sakafu ya seti isiwe pana moja. Ijenge vipande vya upana wa sm 40 hadi 60, na kati yake acha mifereji ya sm 35 ya mikono kupita. Mifereji ifichwe kwa nyasi, mawe ya sponji, magogo. Mwongozaji akitaka mhusika apite mahali pasipo na mfereji, jibu ni hapana, na jibu hilo lipatikane kwenye storibodi.

Kila mchezeshaji awe na monita yake chini, inayoonyesha hasa kamera inachoona, isiyogeuzwa kama kioo. Mwanzoni watasogea kulia wakidhani kushoto. Siku tatu za mazoezi zinatosha kuzoea, na ndiyo faida: kila mmoja anajua mhusika wake anatazama wapi ndani ya fremu. Tumia kebo. Monita za bila waya nyingi huchelewa kidogo, na ucheleweshaji huo unatosha kuharibu mdomo na maneno.

Kosa la kila siku linaitwa kuzama. Mkono ukichoka, mhusika anashuka polepole ndani ya fremu, sm 1 kila sekunde kadhaa, na hakuna anayeona mpaka kwenye uhariri. Bandika kipande cha tepu kwenye kila monita usawa wa macho ya mhusika. Shoti zisizidi dakika 2, na kati yake mikono ishuke chini kabisa.

#4 Kobe_na_Panya

Hili la mifereji limenifungua macho, asanteni sana. Swali dogo kabla hatujafika mtoni: mdomo na maneno. Kiswahili kina silabi nyingi, panya wetu anaongea haraka. Kila silabi afungue mdomo?

#5 Silabi_Wazi

Hapana mkuu, na hapa mbinu za lugha nyingine zinahitaji kurekebishwa. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo ukifuata kila silabi mdomo unageuka cherehani. Kanuni ninayopendekeza: silabi ya pili kutoka mwisho na ya mwisho hazirukwi kamwe, kwa sababu mkazo unakaa kwenye ile ya pili kutoka mwisho na sikio la mtoto linaisubiri. Za mwanzoni ziunganishe.

Chukua "tutakapofika". Silabi sita. Kwa mwendo wa kawaida fungua hivi: *tu* nusu, *taka* mara moja kidogo, *po* nusu, *FI* wazi, *ka* nusu kisha funga. Mifunguo mitano, mmoja tu mkubwa. Panya akiwa na haraka unganisha *tutaka* iwe mmoja, ubaki na minne.

Neno "yai" ni silabi mbili, ya-i: mdomo mkubwa, halafu mwembamba, bila kufunga katikati. Na kwa kuwa yai ndilo kisa chote, wachezeshaji wote walifanyie mazoezi mpaka lifanane. Maneno kama "mto" ni ya kuangalia. Mkazo unaangukia ile *m*, na *m* hutamkwa midomo ikiwa imefungwa. Mchezeshaji asiyejua atafungua mdomo kwenye *m*. Sahihi ni kufunga, kuinamisha kichwa kidogo kama kutilia uzito, halafu kufungua kwenye *to*.

Kosa lenyewe wachezeshaji huliita kuuma maneno: mdomo unafunga pale sauti inapotoka badala ya kufunguka. Dawa yake ni kufungua kwa kidole gumba kwenda chini. Vidole vinne vya juu vitulie. Vikiinuka, kichwa kinatupwa nyuma na macho yanatazama angani kila silabi. Fanyeni dakika 15 kila asubuhi mbele ya monita mkisoma maandishi yoyote kwa sauti ya kawaida.

#6 Maiki_Kichwani

Naongezea sauti. Rekodini mazungumzo palepale mchezeshaji anapocheza. Maiki ndogo ifungwe kwenye ukanda wa kichwani, mbele ya paji la uso, siyo kifuani, kwa sababu mikono ikiinuliwa shati linasugua maiki ya kifuani. Sauti na mkono vikitoka kwa mtu mmoja, pumzi zinalingana na mhusika anahema kweli.

#7 Silabi_Wazi

Maiki_Kichwani, nakubaliana nawe kwa panya na kobe wa mkono. Kwa kobe wa mwili mzima sikubaliani. Kikaragosi kinachochezwa na watu watatu kinahitaji mdundo mmoja wa kufuata, na mkuu wao hawezi kubuni maneno huku akihesabu hatua. Hapo rekodi sauti kabla, icheze kwa spika, na muweke mlio wa kuhesabu "tatu, mbili, moja" mwanzoni ili wote waanze pamoja.

#8 Maiki_Kichwani

Kweli, kwa watu watatu sina ubishi. Ila sauti ya awali irekodiwe mchezeshaji akiwa amesimama na mkono juu. Mtu aliyekaa kitini ana pumzi nyingine kabisa, na panya anayekimbia akiwa na sauti ya mtu aliyeketi, hata mtoto wa miaka 4 anahisi kuna kitu hakiko sawa.

#9 KameraChini

Kwenye kutembea kwa mwili mzima, someni namna Wajapani wanavyocheza bunraku, maonyesho yao ya vikaragosi: mchezeshaji mkuu anashika kichwa na mkono wa kulia wa kikaragosi, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Ninyi mko wanne, kwa hiyo shoti ya daraja inawezekana kwa mhusika mmoja tu kutembea huku mwingine akiwa amekaa. Pangeni hivyo: panya anavuka, kobe anashika kamba upande wa pili, halafu wanabadilishana. Mguu ukishakanyaga ubaki palepale mpaka mwili upite juu yake. Mguu unaoteleza ndio unaomfanya mhusika aonekane anaelea.

Kamera. Lenzi iwe usawa wa macho ya kikaragosi au chini yake kwa sm 5. Ukiishusha unapata faida mbili: wahusika wanakuwa wakubwa mbele ya mtoto, na vichwa vya wachezeshaji vinajificha vyenyewe. Ukiipandisha ikaangalia chini, mifereji yote inaonekana.

Msidanganyike na picha yenye mandhari iliyofifia sana. Kwa lenzi ya mm 50 kwenye kamera ya fremu kamili, mita 1.5 kutoka kwa mhusika, f/2 (tundu la lenzi likiwa wazi sana) inakupa kama sm 11 tu za kuonekana wazi. Pua ya panya inaonekana, sikio limepotea, na kobe aliye pembeni ni ukungu. Nendeni f/5.6, tundu dogo zaidi, mtapata kama sm 30. Hiyo ni hatua tatu, maana yake mwanga mara nane, kwa hiyo hesabuni taa mapema. Na taa za LED za bei nafuu humetameta: umeme wa hertz 50 pigeni kwa kasi ya shata ya sekunde 1/50, umeme wa hertz 60 pigeni kwa 1/60.

Taa kuu itoke pembeni kwa juu, nyuzi 45 hivi. Taa ya mbele moja kwa moja inaua unyoya wote na kitambaa kinaonekana kama plastiki. Weka taa ndogo nyuma ya kila mhusika ili kobe wa kijani asimezwe na kichaka cha kijani.

Fimbo za mikono: waya wa chuma wa mm 3, urefu sm 45 hadi 50, mpini wa mbao chini. Zipakwe rangi isiyong'aa ya mandhari ya nyuma, na mfikirie kabla ya kukimbilia kuzifuta. Fimbo inayopita mbele ya majani ya rangi ileile haionekani na mtoto yeyote. Mnapolazimika kufuta, fungeni kamera kabisa kwenye miguu yake, fungeni mwanga na rangi visijibadilishe vyenyewe, pigeni shoti, halafu bila kugusa chochote pigeni sekunde 10 za seti tupu. Hizo sekunde 10 ndizo kiraka chenu. Husahaulika mno, na kuziunda upya kwenye kompyuta ni siku nzima ya kazi.

Kwa mawingu: kobe ni wa kijani, kwa hiyo kitambaa cha nyuma, kile ambacho kompyuta itakiondoa na kuweka mawingu, kiwe bluu. Mhusika akae angalau mita 1.5 mbele yake, la sivyo kingo za unyoya zinachukua bluu na hazikatiki.

#10 Kobe_na_Panya

Nimenakili yote. Sasa mto, tafadhali. Mtumbwi una urefu wa sm 50, wahusika wawili ndani, na katikati ya mto panya anaangukia majini.

#11 FundiSponji

Jibu la kwanza: maji ya kweli kwenye shoti tano tu. Zilizobaki ni kitambaa.

Mto wa kitambaa ni vipande virefu vya kitambaa chepesi kinachong'aa, upana sm 30 kila kimoja, vikipandana kama vigae. Wasaidizi wawili wanashika ncha na kutikisa taratibu. Mtumbwi unapita kwenye mpandano, juu ya fimbo, na mikono ya wachezeshaji inapanda kupitia sakafu ya mtumbwi iliyo wazi. Mtoto anakubali mto wa kitambaa mara moja, mradi mhusika wa kwanza kuugusa atetemeke kwa baridi.

Shoti za maji ya kweli zipigwe kwenye sinia: fremu ya mbao mita 1.2 kwa 2, imetandikwa plastiki nyeusi nzito mara mbili, maji ya kina cha sm 5. Hizo ni lita 120, yaani kilo 120 juu ya meza, kabla hujahesabu mbao. Meza ya kawaida itapinda. Katikati ya sinia toboa na usimamishe bomba la plastiki la kipenyo cha sm 16, lipande sm 12 kutoka sakafuni mwa sinia, lizibwe kwa silikoni na liachwe likauke saa 24. Mkono unapanda ndani ya bomba, mtumbwi wenye sakafu iliyokatwa unalivaa kama kofia, na maji hayashuki. Mtumbwi hausogei, ni kweli. Sogezeni mimea ya mbele na pazia la nyuma upande wa pili, na utasafiri.

Kuhusu kulowa: sponji ya kawaida hunywa maji na kuwa nzito kiasi kwamba mdomo haufunguki. Panya wa kulowa atengenezwe kwa povu gumu lisilopitisha maji, lile la mikeka ya mazoezi, na avalishwe kitambaa kilichofuliwa mara mbili kabla ili rangi isitoke. Baada ya shoti, mkamueni kwa taulo bila kusokota, mning'inize kichwa chini penye upepo mpaka akauke hadi ndani. Akiwekwa sandukuni na unyevu, ukungu utaanza kwenye mdomo.

Jim Henson, mchezeshaji vikaragosi wa Marekani, kwa filamu ya The Muppet Movie ya 1979, alijifungia ndani ya chombo cha chuma chini ya maji, akapewa hewa kwa mpira, na mkono wake ukapita juu kwenye mkono wa mpira ili chura wake Kermit akae bwawani. Naitaja kuonyesha kwamba hata yeye alimtenga mchezeshaji na maji. Ninyi msimuingize mtu chini ya maji. Sinia na bomba vinatosha.

#12 KameraChini

Nyongeza mbili kwa mto. Maji ya sinia yakipigwa kwa mwendo wa kawaida yanaonekana ya sinia, kwa sababu matone hayapungui ukubwa kufuata mtumbwi. Kanuni ni kipeuo cha pili cha udogo: mtumbwi wa sm 50 unaosimama badala ya mtumbwi wa mita 2 ni moja kwa nne, kipeuo cha pili cha nne ni mbili, kwa hiyo zidisha fremu mara mbili. Kama filamu yenu ni fremu 25 kwa sekunde, pigeni 50 na mchezeshe kwa 25. Wimbi linapata uzito. Ila shoti hizo zisiwe na maneno, mdomo utaenda polepole nao.

Ya pili ni usalama. Taa zinazozunguka sinia ziwe za betri. Kebo yoyote ya umeme ikae mita 2 mbali na juu ya sakafu, na saketi iwe na kifaa kinachokata umeme chenyewe unapovuja.

#13 Mlezi_wa_Awali

Niruhusuni niingie upande wa watazamaji, kwa sababu mwewe hajaguswa. Watoto wa miaka 3 hadi 6 huhukumu kwa sura kabla ya matendo. Mwenye miaka 9 ataogopa jambo linaloweza kutokea kweli. Mwenye miaka 4 ataogopa mdomo mkali na macho membamba hata kama mwewe anaimba. Na wanaogopa sana kupotezana na mzazi, jambo ambalo kisa chenu kinalibeba. Kwa hiyo mwewe hana haja ya kuongezewa ukali.

Macho yawe ya mviringo, makubwa, yenye kope zinazofunga. Ncha ya mdomo iwe butu na ya kitambaa laini. Kucha ziwe za sponji, ncha zake mviringo. Msianze na kivuli chake. Watu wengi huanza na kivuli kikipita juu ya nyasi wakidhani ni upole, lakini kwa umri huu kivuli kisichojulikana ni cha nani kinaweza kutisha zaidi. Mwonyesheni mwewe mzima, mchana, akitafutatafuta, ndani ya dakika tano za kwanza. Baada ya hapo kivuli kina jina.

Hata hivyo acheni dalili: kwenye shoti hiyohiyo awe na unyasi wa manjano umenasa kifuani, na unyasi uleule uwe umebaki kwenye yai. Wengine wataugundua kabla ya kobe, na hapo ndipo watapiga kelele kumwambia. Wapeni nafasi. Baada ya kobe kuuliza "mwenye yai ni nani?", kaeni kimya sekunde 3 kamili, kobe akitazama lenzi. Mhariri atataka kuzikata. Mkatalieni.

Kukimbizana kusizidi sekunde 90, na katikati wapate pahali pa kujificha wapumue. Pangoni uso wa panya usizame gizani hata mara moja. Ukuta uwe mweusi, uso uwe na mwanga wa joto, labda wa yai lenyewe. Sauti kubwa isianze ghafla: ipandishe taratibu kwa sekunde mbili kabla ya radi. Na radi isimeteke zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja, hiyo ni kwa usalama wa watoto wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga.

#14 Kobe_na_Panya

Dada, huu wa kivuli umebadilisha ukurasa wetu wa kwanza kabisa. Nashukuru. Limebaki la mwisho: mwewe arukeje, na yai washikeje? Vidole vyao ni vya sponji, yai linadondoka.

#15 FundiSponji

Mwewe wa kuruka asizidi gramu 300. Mwili povu gumu, mabawa kitambaa chepesi juu ya vijiti vya mwanzi. Mning'inize kwa nyuzi tatu za nailoni: mbili mabegani, moja mkiani, zote kwenye msalaba wa mbao. Bawa liwe na kiungo katikati, kwa sababu likishuka linanyooka na likipanda linakunja. Bawa la kipande kimoja linapiga kama feni ya karatasi. Zipitisheni nyuzi sponji yenye poda ili zisimetemete, na taa ya nyuma isizipige moja kwa moja.

Mayai yawe matano. Moja la povu jeupe gumu, jepesi, la kubebwa. Moja la plasta, zito, la kubiringika, maana yai jepesi likibiringika linadunda na siri imetoka. Moja lenye taa ndani kwa pango. Moja la nusu mbili za kupasuka. La tano ni akiba. Yote yapakwe rangi siku moja na madoadoa yafuate kielelezo kimoja, doa kwa doa, na mlipige picha pande nne.

Kushika: weka sumaku bapa ya mm 15 ndani ya kila kiganja, na nyingine mbili ndani ya yai, kila moja ikiwa imegeuzwa upande wa kuvutana. Andika pande kwa wino kabla ya kufunika.

#16 Mlezi_wa_Awali

Hapo kwenye sumaku nasisitiza: zishonewe ndani ya mfuko wa kitambaa kabla ya kuingia kwenye sponji, gundi pekee isitegemewe. Watoto watakuja kwenye seti na watataka kushika. Sumaku mbili ndogo zikimezwa huvutana kupitia kuta za utumbo na kuuumiza vibaya. Zihesabuni asubuhi na jioni.

#17 Nyuma_ya_Monita

Na ukishapata rasimu ya kwanza ya uhariri, hata kama fimbo bado zinaonekana, ionyesheni kwa watoto 10 au 12 wa umri uleule. Kamera iwatazame wao. Weka picha yao na filamu sambamba kwenye kompyuta, saa ileile, na uandike kila dakika ambayo zaidi ya watatu wamegeuza kichwa. Msiwaulize kama imewapendeza, watasema ndiyo. Waombeni wamchore mwewe. Akichorwa na meno, rudini kwenye dakika tano za kwanza.